Paka Ndani

Uliuona ule moshi. Usigeuze uso, uliuona. Ulikuwa umesimama kituoni, au umeegemea dirisha la ofisini kwenu, ukasema labda wanachoma taka, ukafunga dirisha ili nguo zako zisishike harufu. Kesho yake ukaisikia habari ya kiwanda cha nguo redioni, ukatikisa kichwa kwa adabu, ukaongeza sauti zilipoanza habari za mpira. Basi kaa kitako. Habari ya watu ilikushinda kusikiliza; pengine habari ya paka utaiweza.

Mama Vifungo alikuwa amekaa kwenye kigoda akirudishia vifungo kwenye shati la jirani, pale paka wake, Bobini, alipoingia kwa dirisha. King'ora cha kutoka kazini kilikuwa kimenyamaza punde tu. Paka akashukia mezani, akapita katikati ya masufuria bila kugusa hata moja, akaenda kuketi mbele ya mlango wa barazani uliokuwa umefungwa. Akautazama. Kisha akasema, kwa sauti ya binti mkubwa wa Mama Vifungo aliyeungua kiwandani:

"Fungua."

"Dirisha liko wazi, mwanangu," alijibu Mama Vifungo. "Ulipoingilia ndipo pa kutokea."

Akakata uzi kwa meno, akachukua kifungo kingine.

Jina lake lilitokana na kazi. Alikishonea vifungo kiwanda hicho, ng'ambo ya barabara, mpaka macho yakamwishia kwenye mashati ya watu, akaambiwa akapumzike. Binti yake mkubwa akaingia badala yake, ila yeye akawekwa kwenye cherehani ya overloki, ile inayokata na kufunga kingo, holi la ndani kabisa. Ndiye aliyemwokota Bobini, kipaka cha rangi ya majivu kilicholala ndani ya boksi la bobini tupu za uzi, akamtoa nje akiwa ndani ya mfuko wa chakula. Getini walipekuliwa kila jioni. Mlinzi akapekua, akamkuta paka, akamwachia. Paka hakuwa mali ya kiwanda.

Mali ya kiwanda ilikuwa vitambaa. Kwa ajili ya vitambaa mlango wa holi ulipigwa kufuli kwa nje, tangu zamu inaingia hadi inatoka. "Kwa usalama wenu," msimamizi alikuwa akisema, na hakuna aliyewahi kumwona akicheka anaposema hivyo. Siku ya moto, ufunguo ulikuwa kiunoni mwa mlinzi, na mlinzi alikuwa amekwenda kula. Alirudi mbio, hakuna anayemnyima hilo. Alirudi na tonge bado liko mdomoni. Lakini kufuli lilikuwa limeshapata moto, halishikiki. Sasa yuko gerezani peke yake, kana kwamba kufuli lilikuwa la baba yake.

Tena usidhani ilikuwa mara ya kwanza. Kabla ya kiwanda, mahali hapo hapo palikuwa na ghala la magunia. Nalo lilifungwa kwa nje, na mto ulipofurika watu wake wakafa maji wakiwa wamesimama juu ya mizigo. Kabla ya ghala palikuwa na kinu. Mtaani wanakumbuka. Wewe hukuambiwa, au uliambiwa ukasahau. Kufuli ni lile lile, linahamishwa mlango tu.

Paka walianza kusema kuta zilipopoa. Paka aliyeachwa atoke aliruka ukuta wa kiwanda mchana, akazurura kwenye holi lililoungua, na king'ora cha jioni, ambacho moto haukukifikia, kilipolia akarudi nyumbani na sauti ya mtu mmoja na neno moja. Aliyefungiwa ndani alibaki kulia nyau, kama paka wengine wote duniani.

Watu walizoea upesi. Taabu ya mwanzo ilikuwa ya mgawanyo tu, maana sauti hazikwenda kila mara kwa wenyewe. Mwanamke wa nyumba ya kona alijikuta na sauti ya mume wa mtu, na kwa kuwa hakutaka maneno, akambeba paka hadharani saa ya watu wengi barabarani, akampeleka kwa mjane, wakabadilishana. Kila mmoja alirudi kwake ameridhika.

Fundi viatu wa chumba cha pili, ambaye mtaa mzima ulimwita Soli, alipata sauti ya mkewe moja kwa moja.

"Alipokuwa hai alikuwa na maneno elfu," alimwambia Mama Vifungo huku anapaka gundi kwenye kisigino cha kiatu. "Leo kabakiwa na moja, na hilo moja bado ananigombezea."

"Fungua!" alisema paka chini ya benchi.

"Unasikia? Nikisema nasemwa."

Alimnunulia samaki kila alipopata kazi, na jioni alifunga banda mapema ili wakae pamoja.

Kiwanda kilianza kujengwa upya. Mafundi waliokuwa wakiezeka walilisikia lile neno mchana kutwa kutoka chini yao, wakawa wanashuka kwenye ngazi kwenda kufungua mlango usiokuwepo. Kazi ikachelewa. Ndipo vichwa vya samaki vikaanza kuonekana chini ya ukuta, vimepangwa vizuri, vinang'aa, na vina harufu ya dawa ya panya. Paka wa kwanza kufa alikuwa wa Soli. Alijikokota mpaka chini ya benchi, akasema neno lake kwa shida, akanyooka.

Soli alimzika nyuma ya banda katika boksi la viatu vya kike. Mama Vifungo alimshikia koleo.

"Mara ya kwanza walinipa mfuko, wakanikataza kuufungua," Soli alisema. "Leo angalau nimeona ninachozika."

Jioni hiyo Kitinda alifunga dirisha la jikoni, akalipigilia ubao. Kitinda ndiye binti mdogo wa Mama Vifungo, kitinda mimba wake, na tangu amalize shule alikuwa nyumbani hana kazi, mdomo wake ndio uliokuwa na kazi.

"Mama, huyu paka akae ndani."

"Akikaa ndani ananyamaza."

"Akitoka atakufa."

"Hujui."

"Sijui nini? Soli kamzika leo na koleo ulishika wewe." Alimnyanyua Bobini kwa makwapa, paka akaning'inia kama nguo mbichi. "Mtazame. Hata akili ya kukataa samaki hana. Mama, wewe unataka paka au unataka sauti?"

"Namtaka mwanangu."

"Mwanao mmoja huyu hapa amesimama mbele yako."

Mama Vifungo aliinuka, akalipapasa lile dirisha, akaona misumari imeshika. Akarudi kwenye kigoda. Usiku ulipoingia Bobini alilala miguuni pake, na kesho yake jioni king'ora kilipolia, alifumbua jicho moja, akafungua kinywa.

"Nyau," alisema.

Mama Vifungo alikwenda kusimama uani mpaka alipoweza kurudi ndani.

Hapo ndipo mwenyekiti wa mtaa alipopita na kipaza sauti. Kiwanda kilikuwa kimelalamika rasmi juu ya kelele, na mwenyekiti alikuwa na shemeji aliyekuwa anasubiri kazi kiwandani.

"Tangazo, tangazo! Kuanzia leo, paka ndani! Nasema, paka ndani! Ni kwa usalama wao!"

Mzee mmoja mwenye masikio mazito alitoa ndoo ya chokaa akaanza kupaka chumba cha kulala. Mkewe akamwuliza amepatwa na nini.

"Wametangaza. Tupake ndani."

"Na nje?"

"Nje watapaka wenyewe. Si ndiko kunakoonekana?"

Kicheko kilizunguka mtaa siku nzima, na kilipokwisha watu wakawafungia paka wao, maana sumu haina utani. Jioni ikawa ya nyau tupu. Wajane walikaa barazani mikono mapajani, wakitazamana kama watu walioshuka kwenye gari lisilo lao.

Mdogo wake Mama Vifungo, mjomba wa yule aliyeungua, alikuwa fundi wa rangi, wakimwita Brashi. Alikuwa amepata kibarua cha kupaka kiwanda kipya. Nje alikipaka bluu ya kupendeza, na maua mawili karibu na geti. Ndani kulikuwa na shida. Ukuta wa upande wa mlango wa holi haukubomolewa, na kila ukipakwa, alama za mikono zilirudi juu ya rangi kabla haijakauka. Zilianzia kimo cha kifua, zikashuka, zikashuka, hadi sakafuni.

Msimamizi alimkuta Brashi anakunja ngazi yake.

"Mzee, keshokutwa wanakuja wanunuzi kutoka ng'ambo, wanakagua. Nje pamependeza. Sasa, paka ndani."

"Ndani kote?"

"Kote. Usiache hata kona."

Brashi akaweka ndoo chini bila kuifungua. Akapita nyumba kwa nyumba na magunia matupu, akikusanya paka. Waliomuuliza aliwaambia ni agizo la msimamizi, na wengi walitoa paka wao bila ubishi. Walikuwa wamechoka kuwasikia wakilia kama paka. Alipofika kwa dada yake, magunia yalikuwa yanatembea yenyewe mgongoni.

"Dada, nipe Bobini."

"Wa nini?"

"Msimamizi kasema paka ndani."

Mama Vifungo aliitazama brashi mfukoni mwa shati la mdogo wake. Ilikuwa kavu.

"Wewe kazi yako nini?"

"Rangi."

"Tangu lini?"

"Tangu sijaota ndevu."

"Na maneno ya mtu anayekuagiza rangi huyaelewi?"

"Nimeyaelewa vizuri sana," alisema Brashi, uso mkavu kama kuni. "Nipe paka."

"Huyu simtoi. Nimeshaamua, anakaa ndani. Ndani kwangu."

Brashi hakumlazimisha. Aligusa kichwa cha Bobini kwa kidole chenye rangi ya bluu, akaondoka na mzigo wake.

Siku ya ukaguzi wafanyakazi wapya walikuwa bado hawajaajiriwa, hivyo kiwanda kikaita wastaafu waje kujaza viti. Mama Vifungo alivaa gauni lake la kutokea, akapewa sindano, shati na kiti karibu na mlango. Mlango wa holi ulikuwa wazi. Katika maisha yake yote hakuwahi kuuona uko wazi saa za kazi. Ulikuwa umewekewa vyungu vya maua kila upande, na upepo ulikuwa unaingia. Paka walikuwa wamekwisha kaa. Kila cherehani ilikuwa na paka wake juu, amekunja mkia, anatazama mlango.

Wageni walipoingia, paka wote walisema kwa pamoja, kwa sauti za watu wazima na za wasichana:

"Fungua."

Wageni walisimama. Mmoja mwenye miwani alimgeukia msimamizi, akauliza wanasemaje.

"Wanasema karibuni," alijibu msimamizi.

Mgeni wa miwani aliwainamia paka kidogo, akawashukuru. Wa pili aliuliza kama wamechanjwa, akahakikishiwa. Wa tatu alipapasa ukuta kwenye zile alama, akapachika kiganja chake juu ya mojawapo, kikaenea sawasawa. Akauliza hili pambo limefanywaje.

"Ni kazi ya mikono," alisema msimamizi.

Wakaipenda. Mmoja akaipiga picha.

Mama Vifungo alisimama. Sauti ilitoka nzima. "Wanasema fungua," alisema. "Waliungua humu. Mlango ulikuwa na kufuli."

Mgeni wa miwani alitabasamu, akamtazama msimamizi, akisubiri.

"Na mama huyu naye anasema karibuni," alisema msimamizi.

Mgeni alimshika Mama Vifungo mkono kwa mikono yake yote miwili. Ilikuwa laini, yenye joto. Wakatoka kwenda kuangalia vyoo.

Brashi alikuwa amejiandaa kufukuzwa. Alikuwa hata ameaga nyumbani. Msimamizi alimwita pembeni akampongeza: panya walikuwa wakitafuna vitambaa, na wageni wamefurahi kuona kiwanda kinachojali wanyama. Paka wabaki. Vyungu vya maua vikaondolewa, mlango ukafungwa, kufuli likapigwa, na paka ndani. Brashi alirudi na ndoo yake ya rangi ambayo haikufunguliwa, akaiweka chini ya kitanda. Hakupaka tena ukuta wa mtu.

Kazi zilitangazwa. Kitinda alijiandikisha bila kumwambia mama yake, na alipoitwa, habari ililetwa na Soli, kwa nia njema, huku anampongeza.

"Huendi," alisema Mama Vifungo.

"Nakwenda."

"Mlango unafungwa."

"Kila mtu anajua unafungwa, Mama."

"Nimeziona zile alama za ukutani. Kuna moja ina kidole kilichokatika ncha. Unajua ni ya nani."

Kitinda alikuwa anapiga pasi blauzi ya kazi, ya bluu kama ukuta. Dada yake alikatwa ncha ya kidole na overloki, na kidonda kilipopona alikuwa akimtisha nacho Kitinda utotoni. Aliendelea kupiga pasi.

"Nikae hapa tule nini? Vifungo?"

Asubuhi ya kwanza ya kazi Mama Vifungo aliamka mapema kuliko yeye, akafunga mlango wa barazani kwa ufunguo, akauweka ufunguo kifuani, akakaa kwenye kigoda akiuegemea mlango. Dirisha la jikoni lilikuwa bado limepigiliwa ubao. Kitinda alitoka chumbani amevaa blauzi, nywele amezifunga kitambaa, Bobini anamfuata nyuma.

"Mama, usifanye utoto."

"Kwa usalama wako," alisema Mama Vifungo, akasikia mwenyewe alichokisema.

Nje king'ora kililia mara ya kwanza. Watu walianza kupita barabarani, viatu vyao vinasikika. Kitinda alijaribu mzaha, kisha hasira. Mwishowe alipiga magoti mbele ya mama yake, akaweka viganja vyote viwili kwenye mbao za mlango, kila upande wa kichwa cha mama, akasema taratibu:

"Mama. Fungua."

Walikuwa ndugu wa tumbo moja. Sauti zao hazikuwahi kupishana sana. Mama Vifungo angeweza kuvumilia kilio, angeweza kuvumilia matusi. Neno hilo, kwa sauti hiyo, hakuwa na jinsi ya kulisikia akakaa kitako. Alitoa ufunguo kifuani, akafungua, akasogeza kigoda. Kitinda alimbusu kwenye paji la uso, akakimbia ili asichelewe. Bobini alisimama kizingitini, akanusa hewa, hakutoka.

Mama Vifungo alikuwa ameweka maji ya chai jikoni pale king'ora cha pili kilipolia, kile cha kufunga mlango wa holi. Bobini alikwenda kuketi mbele ya mlango. Paka huyo hakuwa ametoka nje tangu siku ya kuzikwa paka wa Soli.

"Fungua," alisema.

Mama Vifungo aligeuka na kikombe mkononi. Haikuwa sauti ya yule mkubwa. Ilikuwa ya Kitinda.

Alizima jiko kwanza. Kisha akavuka barabara. Mlinzi wa getini alikuwa mpya, mtu wa heshima zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanangu ameingia sasa hivi. Anaomba afunguliwe."

"Amekuombea wapi naye yuko ndani?"

"Nyumbani. Kwa paka."

Mlinzi aliitikia kwa kichwa. Shangazi yake naye alikuwa na paka.

"Nakuamini, mama. Ila nikifungua, mimi kesho niko barabarani na watoto wangu. Subiri king'ora cha jioni, atatoka mzima."

"Na moto nao utasubiri king'ora?"

Mlinzi alishika ufunguo kiunoni, akauzungusha, akauachia. Kisha akaingia kibandani kwake akamtolea Mama Vifungo kiti, akakifuta vumbi kwa kiganja. Hicho ndicho alichoweza.

Mama Vifungo alikwenda kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza kama paka yuko ndani. Alipoambiwa ndiyo, akasema basi hakuna kosa lililotendeka. Alikwenda kwa msimamizi. Akaambiwa yuko kwenye kikao, na kikao hakijaisha hadi leo.

Jioni Kitinda alirudi, amechoka, vidole vimejaa nyuzi. Humo ndani, alisema, redio inafunguliwa mpaka mwisho ili paka wasisikike, na wenzake wanaziba masikio kwa vipande vya pamba. Akala, akalala. Bobini akanyamaza. Kesho yake king'ora cha kufunga kikalia, na Bobini akaketi mbele ya mlango akaanza tena. Hivyo ndivyo wanavyoishi. Mama Vifungo ameng'oa ubao wa dirisha, maana kutoka au kutotoka kwa paka hakubadilishi kitu tena. Mlango wa nyumba yake uko wazi kutwa. Paka anaketi mbele ya mlango ulio wazi, anaomba ufunguliwe, na mama anakaa kando yake anashona vifungo, anamjibu kila mara: "Nimesikia, mwanangu. Nimesikia."

Yeye amesikia. Sasa wewe.

Zamu ya leo imeshaingia. Kufuli liko mahali pake, mlinzi amekwenda kula, na unaposoma hapa Bobini anaita. Yule mkubwa ulimkosa, ulikuwa unafunga dirisha. Huyu bado yu hai. Geti ni la bluu, lina maua mawili, hutalipotea. Usitikise kichwa. Inuka, chukua nyundo, chukua jirani yako, nenda ukafungue.